Kutoka Daka hadi Baa: Nyumba ya Kinywaji ya Kiingereza Katika Kisiwa cha Mombasa

Mara nyingi katika semina zetu za fasihi, anayetakiwa kueleza mandhari ya riwaya hutosheka na sentensi moja: kisa kinatokea mjini, katika baa. Baada ya hapo huhamia kwa wahusika na dhamira, kana kwamba baa ni neno tu lisilokuwa na kuta, milango wala paa. Ilhali anayeingia katika jengo huingia pia katika mpango wa watu: nani akae wapi, nani apite mlango gani, nani aonekane na nani afichwe. Makala haya yanakusudia kulichunguza jengo la kunywea la Kiingereza, lile ambalo Waingereza wenyewe huliita nyumba ya umma, na kueleza lilivyobadilika lilipofika katika kisiwa cha Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Hoja yangu ni kwamba jengo hilo halikuhamishika. Kilichofika Mombasa ni desturi, kaunta na chupa. Jengo lenyewe ilibidi litungwe upya kwa matumbawe, chokaa na upepo wa bahari, na kwa mikono ya mafundi wa pande hizi. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wenzangu wanaodai kwamba majengo ya enzi ya Waingereza yaliyomo Mji wa Kale ni ya wageni, na kwamba hayatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili.

Nyumba ya umma

Ni vyema tuanze na asili yake. Hapo kale Uingereza ilikuwa na nyumba za kunywea za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa nyumba ya kawaida, ambayo mwenyewe, aghalabu mwanamke, alipika pombe ya shayiri akawauzia majirani papo hapo alipoishi. Ya pili ilikuwa nyumba ya mvinyo, ya watu wenye uwezo mjini. Ya tatu ilikuwa nyumba ya wasafiri, yenye ua wa kuingizia farasi na magari, na vyumba vya kulala. Mfano wa aina hii ya tatu ungalipo mjini London, katika mtaa wa Southwark: George Inn, iliyojengwa upya mwaka 1677 baada ya moto wa mwaka uliotangulia. Ina roshani ndefu za mbao zinazotazama uani, na mtu wa pwani akiziona katika picha hakosi kujiuliza kama hajapata kuziona mahali fulani karibu na Ndia Kuu.

Mwaka 1393, enzi ya Mfalme Richard II, wauza pombe walilazimishwa kutundika alama mbele ya nyumba zao ili wakaguzi wa pombe wapate kuwatambua. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, alama hizo zilikuwa picha: taji, simba, paa mweupe. Picha zikawa majina, na majina hayo yangali yakining'inia katika mitaa ya miji ya Uingereza hadi leo. Kwa maneno mengine, jengo hilo lilijifunza mapema kusema na mpita njia kabla hajaingia.

Hata hivyo, baa tunayoijua sisi, yaani yenye kaunta ndefu ambayo muuzaji husimama upande wa pili wake, si ya kale sana. Zamani kinywaji kilitolewa katika pipa lililokuwa chumba cha nyuma kikaletwa mezani. Kaunta ilienea mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji ya viwanda ilipofurika watu na muuzaji akahitaji kuwahudumia wengi kwa haraka. Sheria ya mwaka 1830 iliyoruhusu mlipa kodi yeyote kuuza bia nyumbani kwake, mradi alipe ada ya leseni, ilizidisha nyumba hizo maradufu. Ushindani ulipopamba moto, wenye mitaji walijenga majumba ya fahari yenye vioo, taa za gesi, marumaru na mbao zilizonakshiwa.

Ndani ya majumba hayo mlikuwa na jambo ambalo jina la nyumba ya umma hulificha. Umma haukukaa pamoja. Jengo moja liligawanywa kwa viambaza vya mbao na vioo, na kila sehemu ilikuwa na mlango wake wa barabarani. Kibarua aliingia mlango mmoja, akasimama juu ya sakafu isiyokuwa na zulia na kulipa bei ya chini. Karani na mfanyabiashara waliingia mlango mwingine, wakaketi kwenye viti vya mito na kulipa zaidi kwa bia iliyotoka katika pipa lile lile. Baadhi ya kaunta ziliwekewa vibao vidogo vya kioo vinavyozunguka, ili mteja wa heshima apokee gilasi yake bila ya uso wake kuonekana na mtumishi au na wale wa upande wa pili. Madirisha ya nje nayo yalichorwa maua na herufi kwa asidi, nuru ipite lakini macho yasipite. Na katikati ya yote, mekoni pa kuotea moto, kwa kuwa mtu aliikimbia nyumba yake yenye baridi akaja kutafuta joto la nyumba ya jirani.

Mfano bora kabisa wa majumba ya namna hii uko Liverpool, mji wa bandari kama Mombasa. Unaitwa Philharmonic Dining Rooms, nao ulijengwa kati ya mwaka 1898 na 1900 kwa ramani ya msanifu Walter W. Thomas. Vyoo vyake vya wanaume ni vya marumaru ya waridi na wageni huomba kuvitembelea kama wanaotembelea makumbusho. Husimuliwa kwamba mafundi wake walikuwa wamezoea kupamba meli za abiria. Tuikumbuke miaka hiyo ya 1898 hadi 1900, kwani ndiyo iliyokuwa miaka ambayo Waingereza wa Mombasa nao walikuwa wakitafuta mahali pa kunywea.

Daka, msana, ndani

Waliufikia mji uliokuwa tayari na nyumba zake za mawe na desturi zake za kupokea wageni. Ramani kamili ya nyumba ya mawe ya Waswahili imehifadhika zaidi Lamu kuliko Mombasa, kwa hiyo istilahi nitakazozitumia hapa zinajulikana zaidi na watu wa huko. Mgeni hufika kwanza kwenye daka, kijibaraza chenye viti vya mawe pande mbili mbele ya mlango. Akiruhusiwa kuingia hupita katika tekani, ambayo imepindwa makusudi ili aliye mlangoni asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha hukuta kiwanda, yaani ua usio na paa, na kutoka hapo huanza vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine: msana, halafu ndani, na nyuma kabisa chumba cha siri zaidi cha wenye nyumba. Kila hatua moja ya kuingia ni daraja moja ya ukaribu. Mwenye biashara huishia dakani. Rafiki hufika msanani. Ndugu huingia ndani. Mgeni wa kulala huweza kupelekwa juu, kwenye sabule, asipate kukutana na watu wa nyumbani.

Hapa pana tofauti inayostahili kuzingatiwa. Nyumba zote mbili, ya Mwingereza na ya Mswahili, zilikuwa na kazi ya kuwapanga watu. Ila ya Mwingereza iliwapanga kwa upana, milango sambamba mtaani, kila tabaka na mlango wake. Ya Mswahili iliwapanga kwa kina, mlango mmoja na vyumba vinavyofuatana kuelekea gizani. Ya kwanza ilimuuliza mgeni ana fedha kiasi gani. Ya pili ilimuuliza ni nani wake nani. Sisemi kwamba ya pili ilikuwa na usawa zaidi, kwani mtumwa naye alijua mahali pake katika nyumba hiyo, na hapakuwa pazuri.

Kitu kingine kinachofanana ni ukuta wa maonyesho. Katika chumba cha ndani cha nyumba ya mawe ukuta ulijaa zidaka, vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa, vikapangwa vyombo vya kauri kutoka China na Uajemi. Wasomaji wa Al-Inkishafi wanazijua zidaka hizo, kwa kuwa mtunzi wake alizitaja pale alipoyalilia majumba ya Pate yaliyoanguka. Nami kila nionapo rafu za nyuma ya kaunta, chupa zimepangwa mbele ya vioo kwa rangi na kimo, huona zidaka za Kiingereza. Kazi ni ile ile: kumwonyesha anayetazama kwamba nyumba hii ina kitu.

Na nyumba ya umma ya Waswahili, je? Ilikuwa nje. Ilikuwa baraza yenyewe, jiwe la kukalia lililoungana na ukuta wa nyumba, ambapo wanaume waliketi baada ya alasiri na baada ya isha, kahawa chungu ikapita katika vikombe vidogo, na habari za mji, siasa na mashairi zikapita pamoja nayo. Mji wa Muyaka bin Haji haukuhitaji paa ili watu wajibizane. Ama wanywaji wa tembo la mnazi, hao walikuwa na mangwe zao chini ya minazi, nazo hazikuwa na usanifu wa kuandikiwa makala.

Kilabu kando ya ngome

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata ujenzi wa reli ukaanza kutoka Mombasa. Mji ukajaa makarani, wahandisi, maofisa na wafanyabiashara wa Kizungu, wengi wao wanaume wasio na familia. Kabla ya makao makuu ya serikali kuhamia Nairobi katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, shughuli zote zilikuwa hapa. Ndia Kuu, njia iliyotoka upande wa Fort Jesus ikakata Mji wa Kale, ndiyo iliyokuwa na maduka, posta iliyojengwa mwaka 1899, na hoteli za mwanzo. Mojawapo ya hizo ni Africa Hotel, ambayo jina lake lingali likitajwa kila wanapotembezwa wageni katika mtaa huo. Nayo Mombasa Club ilianzishwa katika miaka hiyo hiyo ya mwisho ya karne ya 19, hatua chache kutoka Fort Jesus, katika ukingo wa bahari.

Kwa nini kilabu, na si nyumba ya umma? Sababu moja ilikuwa sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikusudia kuzuia biashara ya vileo vikali kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara hili, na serikali za kikoloni zikatunga kanuni zilizomruhusu Mzungu chupa ambayo Mwafrika aliyeihudumu hakuruhusiwa kuionja. Hivyo nyumba yenye jina la umma isingewezekana, kwa kuwa umma wenyewe ulikuwa umekatazwa kunywa. Sababu nyingine ilikuwa kiburi cha utawala. Kilabu ni nyumba ya wanachama: huingii kwa sababu una kiu na una fedha, unaingia kwa sababu wenzako wamekukubali. Kwa miongo mingi ya ukoloni, kukubalika huko kulianzia kwenye rangi ya ngozi. Viambaza vyote vya ndani vilivyowagawa watu Liverpool havikuhitajika tena Mombasa, maana kazi yao ilifanywa na lango.

Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwezi Aprili mwaka 1909 akielekea bara kuwinda, aliandaliwa karamu ya usiku katika Mombasa Club, naye akaitaja katika kitabu chake cha safari. Alikutana humo na maofisa, wafanyabiashara na wenye mashamba. Mji mzima wa watawala uliweza kuenea katika ukumbi mmoja. Wakati huo walizoea kusafiri kwa trole, vigari vidogo vyenye kivuli vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na Waafrika kwa miguu. Mtu aliweza kutolewa nyumbani kwake akafikishwa kilabuni bila ya kiatu chake kugusa vumbi la Mombasa. Wasukumaji walibaki nje. Wapishi na waandazi walipita mlango wa nyuma, na neno lililowahusu, boi, halikujali umri wala ndevu.

Boriti na meza ya biliadi

Tuje sasa kwenye jengo lenyewe, kwani hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mekoni pa kuotea moto ndipo moyo wa nyumba ya umma ya Kiingereza, na Mombasa hapana maana. Kioo kilichofifishwa, dari ya chini, mazulia mazito, viambaza vinavyozuia upepo: yote hayo yaliyotengenezwa ili kuhifadhi joto yangemwua mtu mwezi wa Februari, kaskazi inapovuma na jasho likakataa kukauka. Ilibidi jengo ligeuzwe kama nguo, la ndani litoke nje. Mahali pa moto pakachukuliwa na veranda. Viti vilivyozunguka meko vikapangwa mstari mmoja kuelekea bahari, kupokea matlai. Dari ikapandishwa, madirisha yakawekewa vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa na kuzuia jua, na paa likarefushwa ili likinge ukuta dhidi ya mvua za masika.

Je, nani alijua kujenga hivyo? Si mwashi wa Liverpool. Kuta nene za matumbawe zilizounganishwa kwa chokaa iliyochomwa papa hapa zilikuwa elimu ya waashi wa mwambao kwa mamia ya miaka; Wareno wenyewe, walipojenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, walitegemea matumbawe hayo hayo. Roshani za mbao zilizonakshiwa, zinazochomoza juu ya Ndia Kuu, zilitokana na maseremala wenye asili ya Bara Hindi, hasa Gujarat na Kachchh, ambao walikuwa wakihudumia pia matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi. Mteja Mwingereza alileta mahitaji, fundi akaleta jibu.

Kuna kipimo kimoja ambacho hueleza mengi. Boriti za mikoko, zilizokuwa zikishikilia sakafu na dari za nyumba zetu za mawe, zilitoa nafasi ya takribani mita 2.5 hadi 2.8 kutoka ukuta hadi ukuta. Ndiyo maana misana yetu ni mirefu na myembamba: si uchaguzi wa macho tu, ni urefu wa mti. Sasa, kilabu ya Kiingereza ya enzi hizo haikuhesabiwa kuwa kamili bila ya chumba cha biliadi. Meza kamili ya biliadi ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na mchezaji anahitaji takribani futi 5 kila upande ili aweze kuuvuta mti wake. Chumba basi lazima kifikie futi 22 kwa 16, ambazo ni karibu mita 6.7 kwa 4.9. Hakuna boriti ya mkoko itakayovuka mita 4.9. Kwa hiyo ukumbi mpana ulihitaji mihimili ya chuma au magogo makubwa kutoka ng'ambo, na meli zilizoleta vyuma vya reli ndizo zilizoweza kuleta mihimili hiyo. Paa tambarare la chokaa nalo likaanza kutoweka, mabati yakachukua nafasi yake juu ya nyumba za wageni na za wenyeji pia. Ukitaka kujua ukoloni ulivyoingia nyumbani kwetu, usitazame bendera. Pima upana wa chumba.

Nyumba za wenyeji nazo hazikukaa vile vile. Nyingi kati ya zile zinazosimama Mji wa Kale leo ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na nyingi zimeacha ule mpango wa kina nilioueleza. Zimefungua milango ya maduka chini, zimetoa roshani juu, zimeanza kuitazama barabara. Wapo wanaoona huko ni kuharibika kwa nyumba ya Mswahili. Mimi naona ni mazungumzo. Nyumba ya Kiingereza ilijifunza kutoka nje kwa sababu ya joto, na nyumba ya Mombasa ikajifunza kutoka nje kwa sababu ya biashara, zikakutana roshanini.

Biashara ya vileo haikudumu sana katika Ndia Kuu. Mtaa wenye misikiti kila baada ya hatua chache, ukiwemo wa Mandhry ambao ni wa karne ya 16, haukuwa mahali pa kuzoea kelele za walevi. Wazungu wenyewe walikuwa wakihamia upande wa uwanja wa hazina na barabara ya Kilindini, ambayo leo ni Moi Avenue. Huko ndiko hoteli kubwa zilikojengwa, pamoja na Castle Hotel yenye veranda maarufu ya kuketi na kutazama wapita njia. Mtu mzima wa Mombasa akiambiwa akutane na mwenzake "pale Castle" hahitaji maelezo.

Safari ya maneno

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jengo hili limeacha alama ya kudumu zaidi katika kamusi kuliko mtaani. Neno la Kiingereza lenyewe lililofupishwa kutoka nyumba ya umma halikupata uraia katika lugha yetu. Utaliona kwenye vibao vya matangazo, lakini mtu haambii mwenzake waende huko kwa neno hilo. Kilichokubaliwa ni baa, yaani sehemu moja tu ya jengo, ile kaunta. Sehemu ikachukua jina la zima. Na kwa bahati ya lugha, neno hilo lilikuta humu ndani mwenzake wa zamani wa asili ya Kiarabu, baa lenye maana ya janga. Wahubiri na wake za walevi hawajaacha kufaidi mgongano huo.

Hoteli nayo iliteremka. Katika Kiingereza ni nyumba ya kulala wageni. Katika Kiswahili cha mitaani, Kenya hasa, hoteli ni popote palipo na chai, maandazi na benchi, hata pasipo na kitanda wala mlango. Waliotaka kutenganisha wakaanza kusema mkahawa, neno lililochipuka kwenye kahawa ya baraza.

Lakini lililosafiri mbali kuliko yote ni kilabu. Liliingia Kiswahilini likiwa jina la nyumba iliyofungwa kuliko zote, ya wanachama wa rangi moja. Lugha yetu ikasikia silabi ya kwanza, ikadhani ni kiambishi cha ngeli, ikalitia katika KI-VI pamoja na kitabu na kikombe: kilabu, vilabu. Kisha, Tanzania hasa, likawa jina la banda ambapo pombe za kienyeji huuzwa kwa bei nafuu kwa yeyote anayepita. Hakuna mwenye kuombwa kadi ya uanachama. Sijui kama kuna neno jingine lililolipiza kisasi kwa utulivu namna hiyo. Upande wa pili, baraza likapanda: kutoka jiwe la kukalia mbele ya nyumba likawa mkutano wa chifu wa kikoloni na raia, na baadaye Baraza la Mawaziri. Mhakiki akikutana na maneno haya mawili katika riwaya inayohusu mwaka 1920 na katika riwaya inayohusu mwaka 1970, asidhani kwamba yanataja mahali pale pale.

Nilipokuwa Ndia Kuu nikichora ramani ya roshani moja katika daftari langu, nilimwendea mzee aliyekuwa ameketi barazani. Aliniambia kwamba alikuwa mwashi kabla ya mgongo kumkataza.

"Shikamoo, mzee. Ile juu pale mwaiitaje? Veranda?"

"Marahaba, mwanangu. Ile ni roshani. Veranda waketi, roshani watokeza."

Kwa maneno machache alikuwa amenipa tofauti ambayo sikuipata katika kamusi mbili nilizokuwa nazo, ambazo zote zilifasiri neno moja kwa jingine. Roshani ni neno la asili ya Kiajemi linalohusiana na nuru, nalo limo katika lugha za miji mingi ya Bahari ya Shamu na Ghuba. Veranda lilifika kwetu kwa mkono wa Mwingereza, ambaye aliliokota Bara Hindi. Moja ni tundu la kuchungulia mtaa kutoka faragha ya nyumba, jingine ni ukumbi wa kuketi uliowekwa nje. Mwandishi anayemweka mhusika wa kike rosháni na yule anayemweka verandani hawajaandika jambo moja.

Mji wa Kale wa Mombasa ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu mwaka 2006 majengo ya kihistoria nchini Kenya yanalindwa na sheria ya makumbusho na turathi. Fort Jesus iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2011. Liverpool nako, ile Philharmonic ilipandishwa mwaka 2020 hadi daraja la kwanza la majengo yanayolindwa, sawa na makanisa makuu. Sheria hizi ni njema, ila hulinda zaidi kile kinachoonekana: mlango, roshani, rangi ya ukuta. Fundi anapofariki hakuna ilani inayobandikwa kwamba istilahi zake zisibomolewe. Seremala kijana anayekarabati roshani leo hutaja vipande vyake kwa Kiingereza alichosoma chuoni, au kwa kidole.

Chama chetu hufanya ziara ya Mombasa, na kwa kawaida basi hutushusha Fort Jesus, tukapiga picha penye mizinga, tukapanda tena kwenda ufuoni. Napendekeza ziara ijayo tuanze kwenye lango la ngome saa moja asubuhi, kabla ya jua kali. Tutazame kwanza upande wa kilabu na veranda zake zilizoielekea bahari, kisha tuingie Ndia Kuu kwa miguu. Kila kundi la watu watatu lichukue nyumba moja, lichore uso wake, na liandike jina la kila kipande kama litakavyotajwa na wakaazi, waashi na maseremala watakaokuwa tayari kuzungumza: kizingiti, komeo, bawaba, boriti, pau, tao, na yale ambayo hatujawahi kuyasikia. Lafudhi ya Kimvita ihifadhiwe kama ilivyo, isisanifishwe mezani. Waalimu wa isimu wakitusaidia na vinasa sauti, na wenzetu wa idara ya usanifu wakitusaidia na vipimo, tunaweza kuwa na orodha ya kwanza kabla ya muhula kwisha. Wazee wengi huwa barazani baada ya sala ya alasiri, kwa hiyo mahojiano yapangwe wakati huo, na fedha ya kahawa iingizwe katika bajeti ya safari.